Bega la Kabura

Bramwel Wamalwa wa Matulo hakuzaliwa mvivu, alizaliwa akiegemea. Mamake husema alichelewa kutembea kwa sababu kila ukuta ulimfaa. Jikoni kwao, ukuta wa udongo ulichimbika shimo la mgongo wake, na alivyozidi kurefuka ndivyo shimo lilivyozidi kupanda.

Sasa ana miaka thelathini na minne. Kila asubuhi anafika mjini Bungoma mapema kama mwajiriwa, ingawa mwajiri hana. Huegemea pikipiki za wenzake hadi zipate abiria, kisha nguzo ya stima, na jua likiwaka huingia dukani kwa Kabura, muuzaji wa mbegu na dawa za mifugo, akaegemea kaunta. Husaidia pia: huwaambia wateja wangoje. Ukimwuliza kazi yake, atakujibu kwamba mjomba wake ni chifu msaidizi.

Kabura, binti wa mzee Gikonyo wa Kitale, ndiye aliyekuwa nguzo kuu. Kwa miaka sita amemlisha, amemvisha, na hata shati la kanisani ni yeye aliyelinunua. Jioni wakitembea, Bramwel humwekea mkono begani na mwili wote nyuma ya mkono, hadi bega la kushoto la dada huyo limeshuka. Bramwel huyaita hayo mapenzi. Fundi anayemshonea Kabura nguo ana jina jingine la kuyaita, lakini fundi huyo ni mtu wa kanisa.

Novemba, watu wa Matulo walienda Kitale kuposa. Kina Gikonyo ni Wakikuyu, na kwao posa ina mtihani: wanawake hujifunika leso kichwani hadi miguuni, wanasimama kwa mstari, na bwana harusi anamtoa wake humo. Akikosea, wengi hutoza mbuzi. Mzee Gikonyo, mtu aliyepanda hata miti ya ua kwa kufuata kamba, alikataa habari ya mbuzi.

"Ukikosa, kijana, unarudi na watu yako," alisema. "Mtu hajui bibi yake, atajua nini?"

Bramwel alimnong'oneza mjomba kwamba hiyo ni kazi rahisi. Hakuwa na haja ya kupima kimo wala kuchungulia viatu. Alitafuta bega la kushoto lililoshuka, lile alilolitengeneza mwenyewe.

Wanawake walikuwa saba. Sita walisimama wima kama mahindi ya Julai, akawapita bila kuwatazama mara mbili. Wa saba alikuwa amelalia upande wa kushoto. Moyo ukamtulia. Alimshika mkono, akawageukia watu, na kwa mazoea akaliegemea lile bega.

"Huyu ndio wangu, bana."

Leso ikatolewa. Alikuwa shangazi Nyambu, mjane wa miaka sabini, aliyebeba ndoo za maziwa kwa mkono wa kushoto tangu ujana wake. Alicheka kwa meno matatu yaliyobaki.

"Mimi nimekubali," alisema. "Lakini mimi ni mzee. Ukiniegemea hivyo, si tutaanguka wote?"

Boma zima likaangua kicheko. Bramwel alijitetea, ati leso zimemchanganya, ati apewe nafasi nyingine. Hapo mwanamke wa tatu akajifunua mwenyewe. Alikuwa Kabura, mabega yote mawili yakiwa sawa. Hakuwa amefanya hila yoyote. Alikuwa amerudi nyumbani wiki tatu kuvuna mahindi, na kwa wiki hizo tatu hakuna mtu aliyemwegemea.

"Umenipita hapa karibu," alisema. "Nilikuwa nimesimama tu, Bramwel. Ndio maana hukunijua."

Alisema bila hasira, na hilo lilimuuma Bramwel kuliko kicheko chote cha boma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona aibu, aibu ya kweli. Akanyoosha mkono pembeni kumshika mjomba wake, lakini chifu msaidizi alikuwa ameshatangulia langoni.