Koti Lisilo na Pindo

Mama Pindo ni jirani yangu wa kazi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Yeye na cherehani yake upande huu wa baraza, mimi na viatu vibovu ninavyoshona upande ule. Jina hilo alipewa na wazazi wa wanafunzi. Akishona sare huacha pindo kubwa kwa ndani, kwenye sketi, kwenye suruali, hata kwenye mikono ya mashati. Mtoto akirefuka, mzazi anairudisha, pindo linashushwa, na sare inasogea mwaka mwingine. Washonaji wenzake humcheka kwamba anajiharibia biashara. Yeye huwajibu kuwa wao wanashonea sanamu.

Bintiye wa pekee alipokaribia kuchagua masomo ya hiari, mama mtu alikuwa ameshamchagulia zamani: Kemia, kisha chuo, kisha dirisha la duka la dawa. Aliwahi kumwona mfamasia ameketi chini ya feni, koti jeupe pee, mikono safi, na tangu siku hiyo hakutulia. Simlaumu, maana najua mgongo wake unavyomuuma kwa kuinamia cherehani. Ila alipoanza kuwaambia wateja habari za "mfamasia wangu", nilimtania angoje basi hata mwalimu aulize. Wapi! Likizo ya mwaka uliopita alinunua kitambaa cheupe, akashona koti, akalificha kabatini.

Binti naye alikuwa na lake moyoni. Tangu utotoni alichora kwenye mabaki ya karatasi za kaki ambazo mamake hukatia vielelezo vya nguo. Alichora ngazi, madirisha, mapaa. Viatu vyangu vyote ameshavichora, kwa juu, kwa ubavu na kwa chini. Alitaka Uchoraji wa Ufundi, ili baadaye achore majumba. Shida ni kwamba ratiba ya shule iliyaweka masomo hayo mawili wakati mmoja. Ukichukua hili, unaliaga lile. Mimi aliniambia. Kwa mamake ulimi ulikuwa mzito.

Asubuhi ya mwisho ya kuchagua, alipita barazani akielekea shule. Mama Pindo akalitoa koti, akamvalisha mbele ya wateja, uso umemjaa furaha. Mikono ya koti iliishia vidole vinne kabla ya viganja, na vifungo vikagoma kufika. Msichana alikuwa amerefuka mwaka ule, wacha tu. Mama Pindo akaukunjua ukingo wa mkono ashushe pindo, akapapasa, akapapasa tena. Halikuwepo. Kwa pupa ya kuliona koti limekwisha, alikuwa amelikata sawasawa na mwili.

Wateja walicheka, nami nikacheka nao. Binti hakucheka.

"Mama," alisema taratibu, "watoto wa watu wote unawaachia pindo. Mimi mbona hukuniachia?"

Hapo akamweleza yote, majumba na michoro na ratiba. Mimi nilikiinamia kiatu changu kana kwamba kina haraka. Mamake alisikiliza huku ameshika ule mkono mfupi wa koti.

"Huko kwenye kuchora," aliuliza mwishowe, "mtu hukaa au husimama?"

"Hukaa, mama. Kwenye meza."

"Basi vua hilo koti ukajiandikishe. Utachelewa."

Msichana aliondoka karibu akikimbia. Mchana nilimkuta Mama Pindo akilifumua koti kwa wembe, macho mekundu kidogo, lakini anaimba. Kabla ya jioni alikuwa ameshalishona upya, likawa mfuko mrefu mwembamba wa kubebea rula na michoro iliyoviringishwa, wenye mkanda wa begani. Kwa uchokozi wangu niliugeuza ndani nje. Mdomoni mwake kulikuwa na pindo la kiganja kizima.

Nikamuuliza tangu lini mfuko ukarefuka.

"Mfuko haurefuki, fundi," alinijibu, akikata uzi kwa meno. "Ila karatasi za mwanangu zitarefuka."