Aliyenipinga Ndiye Aliyebeba Mkate

Nakumbuka Jumapili moja ya Meza ya Bwana pale Mbumbuni, mwanangu. Mkate umeshamegwa, sahani nimeishika, na hakuna mzee wa kanisa anayeinuka. Katika kanisa letu la Kipresbiteri mchungaji humega mkate, lakini wazee ndio huubeba hadi kwa watu. Wasipoinuka, watu hawali. Na wale wanaume walikuwa wameapa hawatapokea sahani kutoka kwa mwanamke. Mimi ndimi niliyekuwa mchungaji wa kwanza mwanamke kutumwa pale, kola mpya bado inanikwaruza shingo.

Nilisimama tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo akainuka Mzee Muli. Huyo! Ndiye aliyenipinga kuliko wote, kila kikao na Biblia yake mkononi. Akaja akichechemea, akapokea sahani, akazunguka kanisa zima peke yake huku wenzake wakitazama sakafu.

Baada ya ibada nikamkimbilia mlangoni nikicheka kama msichana. "Mzee, kumbe umekuja upande wangu!"

"Asi! Nani amekuambia?" akasema. "Mimi bado naona mwanamke asiwe mchungaji. Lakini huo mkate si wako, na si wangu. Watu wakose kula kwa sababu ya maneno yetu? Halafu wewe, tangu ufike unatembelea nyumba za wanaokupenda tu. Kwangu umekuja lini?"

Kwake sikuwa nimekanyaga hata mara moja.

Juma hilo nikaenda. Nilimkuta, mjane wa watu, anakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, peke yake. Wazee wenzake walikuwa wameacha kupita kwake, kisa ni ile sahani. Nikavuta kiti, tukala, tukabishana hadi chai ikapoa. Ikawa ndiyo desturi yetu miaka yote: kikaoni ananipinga, jioni tunakunywa chai. Alipofariki nilimzika mimi, kama alivyoagiza. Tena aliagiza nisithubutu kutangaza kwamba amebadilisha msimamo!

Sasa nimestaafu, niko hapa Kabati. Siku hizi wanaokubaliana nami ni wengi. Wananisalimia vizuri mlangoni mwa kanisa, kisha kila mtu anashika njia yake. Mimi narudi nyumbani na kupika chai ya watu wawili, kwa mazoea. Nina upweke, mwanangu, sitakuficha. Na ninayemkosa ni yule mbishi wangu.

Vyombo vya kapu moja havikosi kugongana. Kwa hiyo bishaneni, ni haki yenu. Lakini mwenzako akisimama na sahani ya watu, inuka umpokee, ugomvi utangoja. Na ukitaka kutembelea nyumba za watu, anza na ya yule anayekupinga, kabla hajabaki na kiti kitupu mbele yake.

Mungu akupe mtu wa kukukatalia mchana na kula nawe jioni. Na akikupa, mwanangu, akuachie huyo mtu siku nyingi kuliko alivyoniachia mimi wangu.