Arobaini ya Saniye kwenye Boti ya Visiwani

Mtaani kwetu, kwenye mteremko ulio juu ya bandari ya Fethiye, Uturuki, mtu alipofariki hakuna aliyeuliza nani atakaanga kaimati. Alikuwa Saniye. Iwe siku ya saba, iwe arobaini, iwe kutimia mwaka, ungemkuta mlangoni kwa wafiwa amekunja mikono ya gauni, karai la mafuta mbele yake, ngumi ya kushoto ikikamua unga uliochachuka na kijiko cha mkono wa kulia kikikata donge baada ya donge. Mpita njia aliyepewa kibakuli alijua la kufanya. Alikula, akasema, "Mungu amrehemu," akaenda zake. Hata dereva wa teksi alisimama. Maana kaimati za mfiwa zina haki mbili: utamu ni wa mlaji, dua ni ya marehemu. Anayekula akanyamaza amekula na fungu lisilo lake.

Saniye mwenyewe alifariki mwanzoni mwa Juni, baada ya ini kumtesa majira yote ya baridi. Arobaini yake ikaangukia Jumatano moja katikati ya Julai, na hapo ndipo ikajulikana kwamba hakuna wa kumkaangia. Wanawake aliokaa nao mbele ya karai miaka yote hiyo walikuwa mahotelini wakitandika vitanda vya watu mpaka jioni, kwani kwetu Julai si mwezi wa mtu kuomba ruhusa. Binti yake, Gülten, alikuwa mji wa Denizli, kajifungua siku tisa zilizopita. Akabaki mumewe.

Mumewe alikuwa Nevzat, Mungu amrehemu naye, mpishi wa boti. Kwa miaka ishirini na mitatu alipika kwenye boti ya Kapteni Hikmet, ile inayong'oa nanga saa nne asubuhi na watu arobaini na kitu, ikawapitisha visiwa vitano waogelee, wale, walale juani, kisha ikawarudisha gatini saa kumi na mbili jioni wamekuwa wekundu kama nyanya. Samaki wa kuchoma aliwajua. Tambi za mtindi, saladi, biringanya, hayo angepika amefumba macho. Kaimati hakuwahi kukaanga hata moja. Nani angekaanga na Saniye yupo?

Siku moja kabla ya arobaini alimwendea Hikmet, aliyekuwa anaosha sitaha kwa mpira wa maji.

"Kama ni ruhusa, kaka Nevzat, usiseme," Hikmet akamuwahi. "Nitafutie mpishi mwingine katikati ya Julai, nami nitakubeba mgongoni hadi msikitini."

"Sitaki ruhusa. Nataka jiko. Kesho tukitia nanga kisiwa cha Tersane, watu wakinywa chai, nikaange kaimati za Saniye niwagawie."

Hikmet alifunga maji. Huyu ndiye aliyeshika jeneza la Saniye bega la mbele, tena akakataa kupokewa mpaka makaburini.

"Kaanga," akasema. "Shemeji kanilisha miaka mingapi? Lakini neno moja tu, usiwatajie kifo. Hawa watu wamengoja mwaka mzima waje wacheke. Mtu yuko katikati ya bahari, umwambie anakula chakula cha maiti, si ataanza kutafuta boya?"

"Na dua?"

"Tutaomba mimi na wewe."

"Mimi na wewe tumeshaomba, Hikmet. Arobaini ni ya watu."

"Nipe ahadi yako, bwana. Kaanga, gawa, usitaje."

Nevzat akaahidi, na hakuahidi kwa uchungu. Moyoni alikuwa na hesabu yake. Katika abiria hawakosi wenyeji wa nchi, na mwenyeji akiona kaimati zinagawiwa bure haambiwi. Atauliza mwenyewe, au ataomba bila kuuliza. Hata wakiwa watano. Hata mmoja. Alichotaka ni mtu mmoja tu asiyemjua Saniye amwombee Saniye, kama wale wapita njia walivyowaombea wafu wa mtaa mzima kwa mkono wake.

Siku yenyewe, baada ya swala ya alfajiri, alikanda unga nyumbani kwenye ndoo ya mtindi, akatia hamira, akaifunika kwa kitambaa na kuishusha bandarini ameikumbatia.

Abiria siku hiyo walikuwa arobaini na sita. Wengi ni Warusi, Waingereza na familia mbili za Kijerumani. Wenyeji walikuwa sita tu, wanawake watu wazima kutoka Ankara, walimu wastaafu waliosafiri pamoja, wakakaa mezani karibu na jiko na kutaniana njia nzima. Nevzat alipowaona alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mkubwa wao aliitwa Feriha. Alivaa kofia pana ya ukindu, na sauti yake ilikuwa bado ya darasani.

Boti ilipita Kızılada, ikasimama Yassıca watu wakaruka majini, ikawapa chakula cha mchana kivulini mwa misonobari. Nevzat alichoma samaki mgongo ukiwa upande wa watu na jicho kwenye ndoo. Joto la jiko liliuchachua unga mpaka ukasukuma kitambaa.

"Mpishi!" Feriha akaita. "Humo ndani kuna mtoto? Mbona unachungulia kila saa?"

"Anakua, dada."

"Kamfanana baba?"

"Namwombea asinifanane."

Wanawake wakacheka, naye akacheka nao. Tangu Juni alikuwa hajamtania mtu.

Saa tisa na nusu walitia nanga Tersane, kwenye hori lenye nyumba za mawe zilizobomoka, nyenze wakipiga kelele mlimani. Nevzat akateleka mafuta, akasema bismillahi, akashika unga kwa ngumi ya kushoto kama alivyomwona Saniye akishika. Unga haukumtii. Za kwanza zilitoka na mikia kama viluwiluwi, zikaogelea karaini zikigongana. Alizitazama akajua Saniye angesema nini, akaziopoa zilivyo. Za sinia la pili zikawa afadhali. Akazimwagia shira, akatoka.

Feriha ndiye aliyesikia harufu kwanza. Alivua kofia.

"Kaimati?" akasema kwa sauti ile ya darasani, boti nzima ikamgeukia. "Jamani, nani kafariki?"

Nevzat alisimama na sinia. Ndilo swali alilokuwa amelingoja tangu alfajiri. Hakuwa amevunja ahadi, hakuwa ametaja neno. Alibakiwa na kuinamisha kichwa tu.

Lakini Hikmet alikuwa juu penye usukani, na kipaza sauti kilikuwa mkononi. Aliona nyuso zinageuka, akaona siku ya watu arobaini na sita inamponyoka, ulimi ukamtangulia.

"Mungu apishe mbali, dada yangu! Hakuna msiba hapa! Leo mpishi wetu Nevzat anatimiza siku yake ya kuzaliwa!"

Akalisema tena kwa Kiingereza chake cha baharini. Wageni wakashangilia. Mwingereza mmoja aliyeungua mgongo akaanzisha wimbo wa siku ya kuzaliwa, Warusi wakadakia kwa maneno yao, watoto wa Kijerumani wakapiga meza. Wote wakampigia makofi, walimu wa Ankara nao, Feriha mbele yao. Nevzat alisimama katikati, sinia la arobaini ya mkewe mikononi, jina lake likiimbwa. Mtu fulani alimvika kofia ya karatasi.

Alitabasamu. Watu wengine wangetupa sinia. Yeye hakuwahi kumwaibisha mtu mbele za watu, na Hikmet alikuwa rafiki yake. Akaanza kugawa. Meza baada ya meza walichukua, wakalamba vidole, wakaonyesha dole gumba, wakaicheka mikia. Mtoto mmoja alirudi mara tatu. Zilipendwa kweli. Nevzat alitazama midomo. Kila mdomo ulitafuna, kila mdomo ulisema kitu, hakuna uliosema lile neno.

Alipofika meza ya walimu, Feriha hakuchukua. Alimtazama usoni kwa muda, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyesema daftari limesahaulika nyumbani.

"Ndugu yangu," akasema polepole, wengine wasisikie, "ni kweli siku ya kuzaliwa?"

Hapo ndipo Nevzat alipoanguka, na hakumlaumu mtu mwingine mpaka anaingia kaburini. Swali aliulizwa yeye, kwa upole, na mtu aliyekuwa tayari kuomba. Mlango ulikuwa wazi. Lakini juu palikuwa na Hikmet, na kulikuwa na ahadi, na alikuwa na kofia ya karatasi kichwani.

"Kweli, dada," akasema. "Nimetimiza hamsini na nane."

"Basi uishi miaka mingi," Feriha akasema, akachukua mbili, akala.

Nevzat alirudi jikoni akafunga mlango wa nusu. Alijaribu kusoma Fatiha mwenyewe. Alifika katikati akapotea, sura ambayo aliijua kabla hajajua kuandika jina lake. Akaanza upya, akapotea palepale. Akazima gesi.

Njiani kurudi Hikmet alimwachia baharia usukani, akashuka, akasimama mlangoni pa jiko bila kuingia.

"Kaka, nisamehe. Ulimi uliteleza."

"Wako uliteleza," Nevzat akasema akisugua sinia lililokuwa safi tayari. "Wangu haukuteleza. Yule mama aliniuliza polepole, nikamjibu polepole."

"Ni mimi niliyekufunga ahadi."

"Uliniambia nisitaje kifo. Hukuniambia nitaje miaka yangu."

 Hikmet akakaa pale mlangoni mpaka bandari ikaonekana.

Gatini watu walishuka mmoja mmoja wakimpungia mpishi mkono. Walimu sita walishuka wakishikana, wakielekea kwenye basi dogo lililowangoja ng'ambo ya barabara. Nevzat aliwatazama wakienda. Alifikiri: mwakani sitawaona. Wataeleza Ankara habari ya mpishi aliyezaliwa Julai. Chakula cha Saniye kimekwisha, kimeliwa chote, na kilicholiwa ni uongo.

Akaruka. Alikuwa na umri wa kuruka kwa shida, na nusura aanguke kati ya boti na gati, lakini alikimbia, aproni ikiwa bado shingoni, akapita katikati ya magari, akagonga dirisha la basi kwa kiganja.

Feriha akateremka. "Kuna nini? Nimesahau kitu?"

"Nilikudanganya, dada." Pumzi hazikumtosha. "Ni mke wangu. Saniye. Leo ni arobaini yake."

 Yule mama uso ukambadilika, na si kwa huruma.

"Umeniacha nikapiga makofi?" akasema. "Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu, ukaniacha nikapiga makofi kwenye arobaini ya mwanamke mwenzangu? Nikala mbili, nikakutakia miaka?"

"Ndiyo, dada."

"Una moyo gani wewe?"

"Sijui. Niwie radhi."

"Wewe nimekusamehe, ushafiwa wewe. Haya makofi yangu nani atanisamehe?"

Nevzat alitazama chini. "Yeye mwenyewe," akasema. "Saniye angecheka. Angecheka mpaka akae chini. Kisha asingesema na mimi siku mbili."

Feriha alitaka kusema neno kali jingine, likamshinda. Akageuka, akapiga ubavu wa basi. "Shukeni! Shukeni wote. Tumekula msiba wa watu bila kujua."

Wakashuka watano. Dereva naye akashuka, akazima sigara. Hapo kando ya barabara, watu wakipita na ice cream na maboya ya watoto, walifungua viganja. Feriha aliuliza jina la mama yake Saniye, kama inavyotakiwa, Nevzat akamwambia ni Hatice. Akasoma yeye, kwa sauti yake ile, wengine wakaitikia amina. Nevzat aliifuata Fatiha neno kwa neno nyuma yake, na safari hii akafika mwisho.

"Mungu amrehemu," wakasema mmoja mmoja wakipanda basi. Sita, na dereva saba.

Alirudi botini akitembea. Hikmet alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alikuwa ameona yote kwa mbali. Nevzat akapita, akaingia jikoni, akafungua maji, akaingiza mikono kwenye povu na lile karai la mafuta. Tangu alipomlaza Saniye mchangani alikuwa hajalia mbele ya mtu wala peke yake. Watu wa mtaani walisema ana kifua. Sasa kilio kikamtoka, kwa sauti, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Gati lilikuwa limejaa watu, wamekaa wakingoja jua lizame, wanasikia.

Hikmet alipanda juu, na ingawa boti ilikuwa imefungwa kamba nne na hapakuwa na mahali pa kwenda, akawasha injini, akaiacha ingurume.