Ngoma ya Baba Mikononi mwa Mzungu

Asubuhi ya mwaka mpya, mzungu aliyeninyang'anya ngoma ya baba yangu alifika hekaluni kabla ya watu wote, akasimama nje ya lango, akagoma kuingia.

Mvua ya mji wetu wa Hilo inamnyeshea. Mwavuli anao mkononi, haufungui.

Nikajisemea: leo ndio leo.

Ngojeni niwape habari yenyewe tangu mwanzo, maana mimi nina ugonjwa mmoja. Sisahau.

Naitwa Fusae Kanemitsu. Hapa kisiwani kila mtu ananiita Anti Fusae, isipokuwa mameneja wa hoteli, wao wana jina lao ambalo siliandiki hapa. Miaka ya migomo nilikuwa napanda juu ya kreti la bia na kipaza sauti, meneja akiniona anageuza gari. Shule niliacha mapema nikatandike vitanda vya watalii. Ninachokijua nimejisomea mwenyewe.

Baba yangu alikuwa mpiga ngoma wa hekalu letu la Shinto, dini waliyokuja nayo babu zetu, enzi za mashamba ya miwa. Ile ngoma kubwa inayopigwa kuwaita miungu kabla ya sala.

Pearl Harbor ikapigwa mabomu na ndege za nchi ya babu zetu. Kesho yake wakaja wanaume wenye bunduki, wakamchukua baba pamoja na kuhani. Hekalu likatiwa minyororo.

Kosa lake? Ngoma.

Leo wakubwa wanasema, "Ilikuwa vita, tusahau." Sahau wewe.

Vita vilipoisha baba alirudi kutoka kambi ya wafungwa huko bara, ng'ambo ya bahari. Mimi nikazaliwa baada ya hapo. Baadaye hekalu likafunguliwa, ngoma ikarudi mahali pake. Baba hakuigusa tena mpaka anaingia kaburini.

Ila jioni, akijiloweka kwenye maji ya moto, alikuwa anagonga ukingo wa beseni kwa vidole. Mimi nje, sikio ukutani. Anagonga, anagonga, anaharakisha, halafu mwishoni anasita. Kama mtu aliyekatwa pumzi. Ndipo anaangusha pigo la mwisho.

Kule kusita sijawahi kukuweza. Nimejaribu tangu mtoto mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Ama nawahi, ama nachelewa.

Aliyekuwa nako ni dada yangu Yoshino, mkubwa wangu kwa mbali. Yeye baba alimfundisha kabla hajakamatwa. Nilimwomba anifundishe. Nilimpigia magoti, jamani, mimi nisiyempigia mtu magoti.

"Hiyo imekufa, Fusae," akaniambia. "Tafuta mchezo mwingine."

Akaolewa na mchungaji huko Kona, akaingia kwaya. Nikamwita msaliti, mbele ya wageni wa harusi. Tangu hapo hatukusemeshana. Kisiwa kimoja, yeye magharibi, mimi mashariki, kama tumetenganishwa na bahari.

Sasa turudi kwa mzungu.

Jina lake Kerstin, mwanamke wa Minnesota, kule kwenye barafu. Shinto aliisomea mtandaoni. Alipohamia huku kuuguza wazee majumbani, akajiunga na darasa la Jumamosi la kuhani wetu, Mwalimu Isobe. Wazee gani anawauguza, sikuwahi kuuliza. Yalinihusu nini?

Kilichonihusu ni kwamba alijua kila kitu.

Mkono upi unaoshwa kwanza kwenye birika la langoni. Inama mara mbili, piga makofi mara mbili, inama tena. Sala ndefu ya utakaso, ile ambayo mimi na uzee wangu bado naisoma kwenye karatasi, yeye anaimwaga kichwani kama anataja majina ya ndugu zake.

"Anti, nikusaidie kufagia?"

"Fagio ni moja."

Mafagio yalikuwa yameegemea ukuta nyuma yangu, matano yote.

Mwezi wa kumi na moja Mwalimu akamwambia ajaribu ngoma. Nilikuwa nje nachota maji. Nikamsikia anapiga. Anapiga, anaharakisha, halafu...

Akasita.

Ndoo ilinitoka mkononi. Kule kusita kulikuwa kwa baba.

Nikaingia ndani na maji yananichuruzika miguuni. "Nani kakufundisha hiyo?"

"Mtu mmoja, Anti."

"Mtu gani? Mtandao?"

Akainamisha macho. "Aliniomba nisimtaje."

Ndugu zangu, wivu nimewahi kuuona. Nimeona wafanyakazi wawili wakivutana nywele kwa ajili ya zamu ya Jumapili. Ila huu ulikuwa mwingine. Chakula nilikiona kama udongo. Nikawa nikikutana na gari lake barabarani, lile pikapu lililobanduka rangi, naligeuzia uso, gari halina kosa lolote.

Mwalimu akatangaza: siku ya mwaka mpya, Kerstin ndiye atakayepiga.

Nikamfuata. "Mwalimu, ile ni ngoma ya baba yangu."

"Ni ngoma ya hekalu, Fusae."

"Minyororo ilipofungwa, hekalu lilikuwa la nani? La watu wa Minnesota?"

Akashusha pumzi. "Wewe unapiga vizuri. Yeye anapiga kama mzee Kanemitsu. Wazee waliomsikia wamelia."

Kisu kikaingia, kikageuzwa.

Ndiyo maana asubuhi ile nilipomkuta nje ya lango ameloa chapachapa, nilifurahi. Sifichi.

Kwetu, anayesimama nje ya lango ni mwenye msiba. Mtu akifiwa, au akigusa maiti, hapiti pale kwa siku hamsini. Baba alikuwa akituambia siku hizo huhesabiwa tangu habari ilipokufikia. Lakini huyu kafiwa na nani? Ukoo wake wote uko kwenye barafu. Kwangu hiyo ilikuwa mbwembwe tu, anataka kutuonyesha anajua mila kuliko wenye mila.

"Umefiwa na nani, wewe? Bata?"

Wanawake waliobeba vyungu vya supu wakacheka.

"Siwezi kuingia, Anti," akasema taratibu. "Ingia wewe."

"Sihitaji ruhusa yako kuingia kwetu!"

Mwalimu akatoka. Akamtazama Kerstin, naye akamwinamia kwa mbali. Mwalimu hakuuliza. Mambo hayo hayaulizwi. Akageuka, akaniwekea fimbo za ngoma mikononi.

"Fusae. Piga."

Nikapiga.

Maisha yangu yote nilikuwa naisubiri siku hiyo. Nilipiga mpaka kifua cha hekalu kikatetemeka. Mwishoni, pale pa kusita, nikawahi. Pigo likaanguka kama gunia. Hakuna mzee aliyelia. Lakini sikujali, nilikuwa nimepiga!

Sala ilipokwisha nikachukua bakuli la supu ya mochi, ile mikate laini ya mchele ya mwaka mpya, nikatoka nalo nje. Msinione mkarimu. Nilitaka anione uso.

"Umeshapiga?" akaniuliza.

"Nimepiga. Watu wamelia."

Akafumba macho. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi sasa naruhusiwa kukwambia. Anti Yoshino amefariki. Juzi, alfajiri. Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Nimemwosha kwa mikono hii."

Nakumbuka supu ilikuwa inatoa mvuke, nikawaza: bado ya moto, isubiri ipoe.

"Alikataza nisikwambie mpaka upige," akaendelea. "Alisema ukisikia tu, una msiba, na lango hutapita. 'Fusae anaitaka ngoma ile tangu hajang'oa meno ya utotoni. Asisikie kwanza.' Halafu akaniambia nimwoshe mimi, asiachiwe mtu mwingine. Nikamwambia, Anti, nikikuosha sitaweza kupiga. Akacheka. 'Ndiyo maana,' akasema. 'Apige yeye.'"

Mngetegemea nilie hapo. Sikulia. Wivu ulikuwa bado haujamaliza kazi.

"Yeye ndiye aliyekufundisha?"

"Ndiyo. Kitandani. Alikuwa anagonga kwenye sinia la chakula."

"Mimi alininyima!" Nikapiga kelele, watu wakageuka. "Damu yake! Nilimpigia magoti akaninyima, akampa wewe! Wewe una nini?"

Kerstin akautazama mwavuli wake. Maji yanamtiririka puani. Nikaona hataki kusema.

"Sema!"

"Nilimuuliza hivyo hivyo, Anti. Akaniambia siku walipokuja kumchukua baba yenu, yeye ndiye aliyekuwa ameshika fimbo. Baba alikuwa anamfundisha kusita. Akasema, 'Nilikuwa mtoto, nikaona ngoma inavyochukua watu. Na Fusae ana mdomo. Wakija tena, wataanza na yeye. Kwa hiyo nikaiua.'"

"Na wewe je?"

Sauti yake ikawa ndogo.

"Akasema, 'Wewe piga hata ngozi ipasuke. Hakuna atakayekuja kukuchukua.'"

Nikamtazama. Mashavu mekundu, nyusi nyeupe, macho ya rangi ya maji. Miezi yote ile nimemwonea wivu wa sala, wa ngoma, wa machozi ya wazee. Sasa nikauona wivu wenyewe ulipokaa. Huyu anaweza kulala usiku bila kusikiliza buti mlangoni. Dada yangu alisikiliza maisha yake yote, kwaya ikiimba.

Nikaweka bakuli chini. Nikasogea, nikasimama upande wake wa lango. Msiba ulikuwa umeshanifikia.

"Fungua huo mwavuli," nikamwambia. "Unatia aibu."

Tulikwenda Kona kumzika, kwa nyimbo zake za kanisani. Niliimba. Vibaya.

Sasa hivi ninapoandika, siku zangu hamsini hazijaisha. Kila Jumamosi wenzetu wakiwa ndani, sisi wawili tuko nje ya lango, tumeegemea pikapu lake, ananifundisha kwenye boneti.

"Taratibu, Anti. Shika pumzi."

"Usiniamrishe."

"Umewahi tena."

Ndugu msomaji, ukimkuta mgeni ameshika urithi wako, usikimbilie kuuliza ameuiba wapi. Uliza kwanza ni nani aliyewatisha watu wako, hadi wakaona ni salama kumpa yeye kuliko kukupa wewe. Ukishampata huyo, hasira zako zote mpelekee.

Na wivu? Upo, sidanganyi. Jumamosi hii amesita vizuri kuliko mimi, yule mzungu, na nikasikia vidole vya baba kwenye ukingo wa beseni.

Nikamwambia arudie.