Aliyetukaribisha Chai Kwenye Theluji

Kabla hujaanza kucheka, ngoja kwanza. Nimeshachekwa vya kutosha. Nimechekwa msikitini, nimechekwa kwa kinyozi hapa Gulfton, Houston, nimechekwa na mjukuu wangu ambaye hata kucheka anacheka kwa Kiingereza. Kama na wewe unataka kucheka, achia hapa uende zako. Jambo hili lilitokea, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo kwa miguu yangu mwenyewe, ndani ya viatu vya kuazima vilivyonibana mpaka leo ukucha mmoja ni mweusi. Ukija nyumbani nitakuonyesha.

Mimi si mtu wa vitabu. Niliishia darasa la nne, nikaingia kwenye malori. Nimeendesha Mombasa mpaka Kampala miaka mingi, nimepita ukungu wa kule juu Mau ambao hata pua ya gari lako huioni. Wenzangu walikuwa wakisimulia wanawake weupe wanaosimamisha malori. Mimi nikiwaambia nendeni mkalale. Kwa hiyo usinifanye mzee wa kuona-ona vitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wanaoona.

Kilichonipeleka milimani ni mkwe wangu, Barasa, mume wa binti yangu Zuhura. Kijana wa Bungoma, anafanya kazi ya kompyuta kule Richardson, kando ya Dallas, ananiheshimu, sina la kumlaumu isipokuwa moja: hakubali kushindwa kwa maneno. Ukimwambia jua linachomoza mashariki, atakuuliza mashariki ya wapi. Hata hiyo ndoa, wallahi, niliikubali kwa sababu nilichoka kubishana naye.

Basi mwezi wa pili, wikendi moja ndefu, akasema anataka kuona theluji. Nikamwambia theluji si tuliiona ule mwaka umeme ulikatika Texas nzima, tukachoma meza? Akasema ile si theluji, ni barafu ya friji. Anataka ya mlimani, Colorado. Tena si pale penye watu wanaoteleza na vibao, penye tikiti na foleni na walinzi. Hapana. Yeye anataka nyuma huko, porini, mahali ambapo hajakanyaga mtu. Kwa nini? Apige picha.

Zuhura ni nesi, alikuwa na zamu hospitalini, hakuweza kwenda. Alinipigia simu Houston akanisihi, "Baba, nenda naye. Mimi hanisikii. Mchunge huyu mtu, nirudishie mzima."

Mtu wa umri wangu, magoti haya, nikamchunge mtu mlimani! Lakini binti akikwambia hivyo utafanyaje? Nikapanda basi mpaka Dallas. Asubuhi tukaondoka Richardson watu watatu: mimi, Barasa, na rafiki yake wa kazini, Kasongo, Mkongomani wa Likasi, mtu mkubwa, mpole, anayeogopa baridi kuliko polisi. Tukapita Amarillo, nchi tambarare mpaka inakera, halafu milima ikaanza, na ubishi nao ukapanda pamoja nayo.

Kule milimani kuna watu ambao kazi yao ni kuandika kila asubuhi habari za theluji. Upepo umevuma kutoka wapi, mteremko gani umelemewa, wapi pasikanyagwe. Siku ya pili, asubuhi, tukiwa tunakunywa chai kwenye kibanda tulichokodi, Barasa akatusomea kwenye simu. Nilivyoelewa mimi ni kwamba usiku ilishuka theluji mpya, nzito, ikalala juu ya theluji ya zamani iliyolegea kama sukari. Upepo ukairundika zaidi upande mmoja wa mlima. Jua likipasha mchana, inaweza kukatika na kuporomoka yote kwa pamoja. Hatari wameipa namba tatu, na namba ya mwisho ni tano.

"Tatu kwa tano," akasema Barasa. "Hiyo ni katikati, Mzee. Ni C tu."

"Na wewe ulipata kazi kwa C?"

"Mzee, wewe relax. Nime-check kila kitu. Tutafuata njia ya chini."

"Mimi nabaki hapa na chai yangu," akasema Kasongo.

"Utabaki na nani? Gari ni moja na naenda nalo. Moto wenyewe hujui kuuwasha."

Ndivyo tulivyotoka. Mtu anajua, amesomewa, ameandikiwa na wenye kazi yao, halafu anakwenda. Niambie wewe, tufanyeje na watu wa namna hii?

Tulitembea na zile nyavu pana wanazofunga miguuni usizame. Unatembea kama bata. Saa sita hivi tukafika mahali ambapo njia inakata bonde dogo, upana wake kama kiwanja cha mpira. Upande wetu miti. Upande wa pili mawe na miti tena. Katikati, mteremko mweupe unaoshuka kutoka juu kabisa, laini, umevimba kama unga ulioumuka. Mawingu yalikuwa yamefunika kilele, kisha yakafunguka, jua likatoka kali ghafla mpaka nikahisi joto shingoni. Upepo ulikuwa unatupiga mgongoni. Kumbuka hilo la upepo, nitakuuliza.

Mimi nikasema hapa tugeuke. Barasa akasema ziwa liko hapo ng'ambo tu. Tukaanza. Yeye hoja, mimi hoja, Kasongo anapuliza vidole.

Ndipo ikaja harufu ya chai. Chai ya tangawizi na iliki, imechemka na maziwa mpaka imekuwa nzito. Na inatoka mbele yetu. Upepo uko mgongoni, harufu inatoka mbele. Mimi nimeliwaza hili usiku na mchana, sijapata wa kunieleza.

Tukatazama ng'ambo. Pale mbele ya mawe alikaa mtu juu ya mkeka. Mkeka, nakwambia, juu ya theluji. Mbele yake jiko la makaa, makaa mekundu, birika juu yake. Mzee kama mimi, sweta, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani. Theluji kando ya jiko haikuyeyuka hata kidogo. Sisi watatu tulikuwa tunatoa moshi mdomoni kama magari mabovu. Yeye akafungua mdomo akasema kwa sauti ya kawaida, wala hakupaaza, tukamsikia kama yuko mezani kwetu:

"Karibuni chai."

Na mdomoni kwake hakikutoka kitu.

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, maana wengine hamkulelewa. Kwetu, mtu akiwa anakula au anakunywa na wewe unapita, atakwambia karibu. Ni adabu. Na wewe utasema starehe, uendelee na njia yako. Ametimiza yake, umetimiza yako, hakuna aliyehamisha kikombe. Akikukaribisha mara ya pili, unamshukuru, unasema umeshiba hata kama tumbo linalia. Mara ya tatu ndipo unajua anataka kweli ukae. Hapo ukikataa umemtukana. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Kwa kina Barasa sivyo. Kwao ukisema karibu, mtu ameshavuta kiti.

Mimi nikajibu, bila hata kufikiri, mdomo wenyewe tu: "Starehe, mzee wangu!"

Kasongo akanishika mkono. "Ule papa ni wa kwetu," akaninong'oneza. "Umesikia? Anasema Kiswahili ya Likasi."

"Likasi gani? Huyu ni mtu wa kwetu Mombasa, wa Mji wa Kale kabisa."

"Nyote viziwi," akasema Barasa. "Huyo ni mtu wa kwetu Bungoma."

Yule mtu akamimina kikombe, akakinyanyua kutuonyesha. "Karibuni chai. Inapoa."

Barasa akaondoka. Alishuka kwenye ule weupe kama mtu anavuka sebule kwake, macho kwenye kikombe. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena kwa jina la baba yake. Kimya. Barasa, ambaye hajawahi kuacha neno la mtu lipite bila kulijibu! Hapo ndipo woga uliponishika kweli, si kwa ajili ya theluji. Alishafika karibu na katikati. Nikaona uso wa Zuhura. Nikajua siwezi kumkimbilia na haya magoti, na nyavu hizi za bata.

Na unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Niliishiwa na subira yote niliyopewa na Mungu. Nikapiga kelele:

"Wewe Barasa! Mtu kakukaribisha mara ya pili tu na wewe mbio? Huna adabu! Kwenu hawakukufundisha kukataa chakula cha watu? Umekosa nini kwa Zuhura, unatutia aibu kama hujawahi kuona chai!"

Akasimama. Nikaona mabega yanapanda. Mnajua mtu mbishi anavyosimama akiguswa panapomuuma? Akageuka.

"Hapana, Mzee! Hapo umekosea!" Kidole juu. "Kwanza, kwetu ndiyo tuna adabu, kwa sababu hatusemi uongo! Mtu ana njaa anasema ameshiba, hiyo ni adabu?"

"Ni adabu!"

"Ni unafiki! Tena tuko Amerika, hakuna mtu hapa atakuuliza mara tatu!"

"Njoo uniambie hapa, si kunipigia kelele kama mnadani!"

Na akaja. Wallahi akaja, amekunja uso, anapanda kwa hasira, hoja ya kwanza, hoja ya pili, hoja ya tatu, na mimi nikirudi nyuma kwenye miti huku namjibu upuuzi wowote ulionijia, ili tu aendelee. Alipofika kwenye mti wa kwanza, Kasongo alimshika koti kwa mikono miwili.

Kisha chini ya miguu yetu kitu kikasema *wumf*, kama gunia la mchele limeangushwa chumba cha chini. Juu kule mlimani ukapita ufa, mstari mwembamba, kutoka upande huu mpaka ule, kama mtu amekata keki. Halafu mteremko wote ukaondoka. Kwanza haukuporomoka, uliteleza, kama kitambaa kinavutwa mezani. Kisha ukavunjika mapande makubwa kama friji, na mngurumo, na vumbi jeupe likatufunika tukawa hatuonani. Miti ilikuwa inalia. Sijui ilichukua muda gani. Ilipotulia, bonde lilikuwa limejaa. Nyayo za Barasa, pale alipogeuka, zilikuwa chini ya theluji yenye kimo cha nyumba.

Na ng'ambo, hakuna mtu. Hakuna mkeka wala jiko. Harufu tu, nayo ikakatika.

Tulidhani amefukiwa. Sisi si wanyama. Tulipanda mahali penye mtandao, tukapiga simu, wakaja waokoaji na mbwa na fimbo ndefu za kuchomeka kwenye theluji. Walihatarisha maisha yao alasiri nzima kwa ajili ya yule mtu. Wakatuuliza amevaa nini. Mimi nikasema kofia na sweta. Kasongo akasema koti la mvua na kofia ya wachimba migodi. Barasa akasema shati jeupe la kanisani, na kwamba alifanana na babu yake. Mkuu wao alitutazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole kama tulikuwa tumekunywa. Chai, nikamjibu. Hakuandika.

Hakuna gari lililobaki kule isipokuwa letu. Hakuna aliyeripotiwa kupotea. Mbwa walikataa kusogea kwenye yale mawe.

Sasa ungedhani mtu akiokoka hivyo atatulia. Wewe humjui Barasa. Tangu turudi, kila upepo wa baridi ukishuka kutoka kaskazini, simu yangu inalia, ni Zuhura. Baba, ametoka tena kitandani akiwa usingizini. Mara ya mwisho alimkuta, mlango wa nyuma uko wazi, amesimama kizingitini bila viatu, kikombe kitupu mkononi, amekinyoosha mbele kama anasubiri kumiminiwa. Alipomgusa akaamka akakana. Anakana mpaka kikombe alichokishika.

Nikampigia mwenyewe.

"Mzee, sheria ni yako," akaniambia. "Alitukaribisha mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi imebaki moja. Nikikataa hiyo nimemtukana, si ndivyo mama yako alivyokufundisha?"

Alikuwa anacheka, lakini nimeishi na vicheko vingi, kile hakikuwa chake. Nikamwambia sheria nimeifuta. Akasema mtu hawezi kufuta adabu kwa simu. Na amenunua nyavu zake za miguu sasa, si za kukodi. Zuhura amezikuta kwenye buti la gari.

Ndiyo maana nimeandika haya, mimi nisiyejua hata kuweka nukta vizuri. Wewe unayekwenda milimani na watoto wako kupiga picha, wale watu wanaoandika habari za theluji wasikilize, namba tatu si C. Na ukiona mtu anakukaribisha kitu cha moto na pumzi yake haionekani, sema starehe, geuka, usingoje aseme tena.

Na nyinyi mlioko Dallas, hili ndilo ninalowaomba hasa. Baridi ikianza, mkimkuta kijana mrefu wa Bungoma kituo cha mafuta njia ya Amarillo, yuko peke yake, hazungumzi, msimwombe arudi. Hatawasikia. Mtukaneni. Mwambieni amekosea jambo lolote, mpira, siasa, mapishi ya ugali, chochote, na mkishampata ameanza kujibu, msikubali ashinde mpaka mimi nifike.