Kidole Changu Kwenye Sauti ya Gitaa la Baba

Sisi tuliozaliwa kabla nguzo za umeme hazijafika Makanya tulizijua sauti za mashine moja moja, kama mtu anavyojua vikohozi vya jirani zake. Treni ya mizigo tuliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Lori la jasi likipanda kutoka machimboni, tulibishana ni dereva gani yuko kwenye usukani, na aliyekosea alibeba ndoo za wenzake kutoka bombani. Nyumbani kwetu ilikuwapo sauti moja zaidi, ambayo nyumba nyingine haikuwa nayo: mngurumo wa amplifaya ya baba.

Baba yangu, Eliamani, alikuwa fundi wa pampu katika shamba la mkonge. Gitaa la umeme alilipata kwa manamba mmoja wa Kigoma aliyemaliza mkataba wake akarejea kwao. Lilikuwa jekundu, limebanduka rangi mahali mkono unapolalia. Amplifaya aliiunga mwenyewe kwa vipande vya redio mbovu, nayo aliiwasha kwa jenereta iliyokwisha kustaafishwa shambani, ambayo aliifufua kwa uvumilivu wa miezi mitatu. Baba alipocharaza nyuzi, hapakuwa na tatizo lolote. Muziki ulitiririka hata mama akasahau kugeuza makande jikoni. Tatizo lilianza alipoacha. Mara tu mkono wake ulipotulia, spika ilianza kunguruma na kufoka, *zzzzzz*, kama mzinga uliopigwa jiwe.

Watoto wa mtaani tuliupenda mngurumo huo. Tulitengeneza magitaa yetu kwa galoni za mafuta na nyaya za breki za baiskeli, tukapeana kazi: huyu apige, huyu aimbe, na mmoja lazima afanye *zzzzzz* kwa mdomo mpaka mate yamwishe. Bila huyo, tuliona bendi haijakamilika. Siku hizi mtoto akitaka gitaa, hulipakua kwenye simu likaja tayari limeshajua nyimbo. Simlaumu. Najiuliza tu mate yake anayatumia wapi.

Wazee wa kanisa, kwa upande wao, hawakuona raha yoyote. Baba aliomba gitaa lisindikize kwaya, nao wakakaa kikao Jumatano ya kwanza ya mwezi Septemba, baada ya saa tisa alasiri. Mzee Mchome, mkubwa wao, hakuficha neno.

"Eliamani, mimi sina ugomvi na muziki," alisema. "Lakini chombo kinachonguruma watu wakisali hakina adabu. Tutakijaribu Jumapili moja. Kikinguruma kwenye sala, kirudi nyumbani kwako."

Mama aliposikia habari hiyo aliongeza sharti lake. "Likikataliwa kanisani, Baba Namkunda, Jumatatu linakwenda mnadani. Siwezi kuendelea kulala chumba kimoja na nyuki wasiotoa asali."

Baba alicheka, lakini usiku huo hakumaliza chakula chake. Niliona. Mpare akiacha makande kwenye sahani, jambo si dogo.

Kesho yake aliniita. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miezi minne, mtoto wa kwanza, na kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kulea wadogo zangu. Alinichuchumaza nyuma ya amplifaya, akachukua kipande cha jasi, akachora alama mbili nyeupe kando ya kitufe cha sauti: moja chini kabisa, moja karibu na juu.

"Hapa ni kufunga, hapa ni kufungua," alisema. "Utatazama kisigino changu cha kulia. Kikiinuka, fungua, maana nakaribia kupiga. Nikimaliza, funga. Lakini sikiliza, Namkunda: usifunge mpaka uzi umalize kusema."

"Nitajuaje kwamba umemaliza, baba?"

"Utajua. Ukiwahi, utamkata mtu maneno. Ukichelewa, nyuki watatoka."

Tulifanya mazoezi siku tisa. Nikichota maji, kidole kinazunguka hewani. Nikimbeba mdogo wangu, macho yangu yako kwenye visigino vya wapita njia. Mama akaniambia mtoto wa watu ameingiwa na wazimu wa baba yake.

Jumapili yenyewe, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwaya ilisimama. Jenereta ilikuwa mbali, nyuma ya nyumba ya mchungaji, na waya wake ulipita dirishani. Mimi nilikuwa nyuma ya spika, nimevaa gauni la bluu, sionekani ila na baba na Mzee Mchome, aliyekaa kiti cha mbele kabisa akiwa ameinamisha sikio kama daktari. Wimbo wa kwanza ulipita salama. Ikaja sala. Mzee Mchome alisali mwenyewe, naye alijulikana kwa sala ndefu. Siku hiyo aliwaombea wakulima wa Kileo, wasafiri wa barabara kuu, mvua za vuli na hata mbuzi. Katikati ya maneno alinyamaza mara tatu, na mara zote tatu nilijua ananyamaza kwa makusudi, ili asikilize. Hakusikia kitu. Kidole changu kilikuwa kimebana kile kitufe hata ukucha ukawa mweupe.

Ukabaki wimbo wa mwisho. Baba aliupiga vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, na mwishoni akauvuta uzi mmoja, akauacha ulie peke yake, ukipungua taratibu. Hapo nikainua macho, nikakutana na macho ya Mzee Mchome. Hofu ikanishika. Nikafunga.

Sauti ilikatika kama kamba ya kisima. Wanakwaya walitazamana. Waumini walibaki wamesimama, hawajui kama wimbo umekwisha au umeme umezimika. Baba hakugeuka, ila niliona mabega yake yameshuka, nami nikaliona gitaa likiwa tayari mnadani.

Mzee Mchome akainuka.

"Eliamani," alisema mbele ya watu wote, "ile sauti ya mwisho imekwenda wapi?"

"Samahani, mzee. Imefungwa mapema."

"Nilikuwa nikiifuata. Nimefika nayo mlangoni, nikaachwa nje. Hebu irudie mpaka mwisho."

Kisigino kikainuka. Nikafungua. Baba akauvuta ule uzi, na safari hii sikumtazama mtu yeyote. Nilifumba macho, nikausikiliza mpaka ulipobaki mwembamba kama moshi wa mshumaa, kisha ukaisha, ndipo nikafunga. Mzee Mchome akaitikia kwa kichwa, akaketi. Hakuna kikao kingine kilichoitishwa kuhusu gitaa.

Baada ya ibada alikuja kunichungulia nyuma ya spika. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Uko darasa la ngapi?"

Nikamtazama baba. Baba akatazama viatu vyake. "Hajaanza, mzee. Ana wadogo zake."

"Mtoto anayeweza kungoja sauti mpaka iishe atashindwaje kumngoja mwalimu? Januari aanze."

Nikaanza Januari, nikiwa mrefu kuliko dawati, katikati ya watoto wa miaka saba walioniita shangazi. Marehemu mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu, alipenda kusema kwamba mkewe aliingia shule kwa njia ya spika. Kazi ya kitufe aliirithi binamu yangu.

Leo mjukuu wangu Naomi anapiga gitaa katika kanisa lile lile. Miguuni pake kuna kisanduku cha kukanyagia kisichozidi ukubwa wa sabuni ya kufulia, nao vijana wanakiita noizi geti, yaani geti la kuzuia kelele. Mkono wake ukitulia, kinafunga chenyewe; akigusa uzi, kinafungua. Mwanzoni kilikuwa kikimkata maneno, nikamwambia, "Mjukuu wangu, unawafungia wageni mlango hawajamaliza kuaga." Akainama, akazungusha kitufe kidogo, mlio ukarefuka. "Bibi, wewe umejuaje?" akauliza.

Kinafanya kazi safi, sikatai. Hakiogopi macho ya mtu, hakichoki sala ikiwa ndefu, wala hakihitaji gauni la bluu. Lakini hakuna mzee atakayekichungulia baada ya ibada akakiuliza kiko darasa la ngapi.