Karatasi Iliyokuja na Kuku

Majina ya wakosaji siyataji, lakini nikiwaeleza watajijua. Wa kwanza ni mwenye kenta, lile lori dogo. Wa pili ni dereva wake, aliyekuwa akikimbilia mnada na ng'ombe nyuma. Wa tatu ni liguru wetu, mzee wa kijiji, na huyo aliniuma kuliko gari. Wa nne ni mimi mwenyewe, na nitafika kwangu.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Lubao, beseni ya njugu kichwani, nangoja kuvuka. Karibu nami alikuwa msichana msusi, wa miaka ishirini na kitu, anabonyeza simu. Kenta ikakwepa mbuzi, ikatuchagua sisi. Yeye alivunjika mguu, mimi nyonga. Wodini vitanda vyetu vilipakana, na wakili aliyekuja kumwona yeye akachukua kesi zote mbili, za kudai fidia kwa mwenye gari na bima yake.

Daktari wa bima alitupima siku moja. Mguu wa msichana aliandika ni ajali. Nyonga yangu aliandika ilikuwa imechoka kwa umri. Gari moja, dakika moja, lakini yeye aligongwa, mimi nikazeeka. Nina miaka hamsini na tatu. Asubuhi ile nilikuwa nimetembea kutoka nyumbani hadi Lubao na beseni kichwani, na hakuna mfupa uliolalamika.

Tulipotoka hospitali, mwenye kenta akaanza kutembea manyumbani. Kwa msichana alifukuzwa mlangoni na karatasi yake. Kwangu akaja Jumapili alasiri, liguru mbele, mjomba wa huyo bwana nyuma, na jogoo mwekundu kwapani. Mimi ni mjane. Kwetu mtu akikukosea, akaja na kuku, humwachi amesimama nje. Msichana alikuwa amepata habari, akanipigia simu kabla hawajafika.

"Mathe, usiguse hiyo kuku."

"Wageni wakija niwafungie mlango? Mimi si wa town kama wewe."

"Basi kula. Lakini usiguse karatasi."

"Karatasi gani?" nikauliza, na hapo salio lake likaisha.

Mke wa shemeji yangu akapika kuku na obusuma, ugali wetu. Sasa, imondo, ile firigisi, kwetu ni ya mwenye boma, mwanamume. Nimepika kuku maisha yangu yote, na imondo nimeibeba tu kwa sahani nikiwapelekea wengine. Siku hiyo yule mjomba aliinuka na sahani, akaniwekea mbele yangu.

"Mama, mwenye boma alituacha. Leo baba wa hii boma ni wewe."

"Mimi sikulanga imondo, mzee."

"Sasa nani atakula? Hii ukuta?"

Watu wakacheka. Nikala. Nasema haya na aibu bado iko: ilikuwa tamu. Tangu mume wangu afe, hakuna aliyekuwa amenisimamia hivyo mbele ya watu. Hapo ndipo naingia mimi kati ya wakosaji.

Mikono haijakauka maji, mwenye kenta akatoa karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Liguru akavaa miwani. Barua zote za kijiji anasoma yeye, za shule, za benki, za chifu, za mashamba. Mimi niliachia darasa la tatu. Akaisoma polepole kwa lugha yetu, akipitisha kidole mstari kwa mstari: kwamba huyu bwana amekuja kuomba msamaha, ameleta kuku, mama amempokea, hakuna chuki. Nikatia kidole gumba.

Wakili sikumwambia. Nilidhani ni mambo ya nyumbani.

Siku ya kesi, kabla hatujaitwa ndani, wakili wetu alinivuta kando ya ngazi za korti. Karatasi ile ya Jumapili, iliyoletwa na upande ule, ilikuwa mkononi mwake.

"Mama, hiki kidole ni chako?"

"Ni changu."

"Imeandikwa kwamba umelipwa, umeridhika, na hutadai tena chochote kwa mtu yeyote. Wakikubaliwa, kesi yako inaisha leo."

"Nililipwa nini? Jogoo? Na hata mapaja walikula wao!"

Msichana alikuwa kwenye magongo yake. "Sema si kidole chako, mathe."

"Usithubutu," wakili akasema. "Kitapimwa. Nikikuuliza, eleza tu vile ilikuwa."

Kizimbani nilishika Biblia, nikaapa. Wakili wa upande ule alikuwa mtu wa kwetu, anajua pa kufinya.

"Ulisomewa hii karatasi?"

"Nilisomewa."

"Ukala kuku?"

"Nikala."

"Na imondo?"

"Na imondo."

Watu wakacheka, karani akawanyamazisha. Wakili wetu aliinamisha kichwa.

"Kwa hivyo ulisamehe."

"Mtu nilimsamehe," nikasema. "Nyonga sikuuza."

Kisha wakamleta liguru, na koti lake la kanisani. Akasema kwa sauti kubwa, "Nilimsomea yote, neno kwa neno." Hakunitazama. Nilitamani kumrukia, lakini kwa nyonga gani?

Wakili wetu akasimama, akampa karatasi. "Mzee, tusomee vile ulisoma siku ile. Huu mstari wa mwisho peke yake."

Liguru akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye mstari, mahali penyewe kabisa. Midomo ikacheza. Hata hakimu akaacha kuandika.

"Inasema... huyu bwana ameleta kuku."

"Neno kuku liko wapi, mzee? Nionyeshe."

Kidole kikapanda, kikashuka.

"Hakuna kuku kwa hii karatasi," wakili akasema, taratibu. "Nani alikuambia kuna kuku?"

Liguru akamtazama mwenye kenta. "Ni yeye aliniambia imeandikwa nini. Njiani, tukienda."

Hakimu akasema karatasi hiyo haiwezi kunifunga, kesi yangu itasikizwa pamoja na ya msichana.

Nje msichana alipiga gongo chini kwa furaha. "Mathe, tumewaweza!" Mimi sikucheka. Liguru alikuwa amesimama karibu na geti, peke yake, miwani mkononi. Matusi niliyokuwa nimempangia yalikuwa mengi. Nilipomfikia, akaanza yeye.

"Mama, ningesema nini? Kijiji chote kinajua mimi ndiye nasomanga."

Na matusi yote yakanitoka kichwani, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kitu.

"Ile barua ya shamba," nikamwambia. "Bwanangu alipokufa, shemeji zangu walipoileta, ukanisomea, ukaniambia nitie kidole. Ile ulisoma?"

Akafuta miwani kwa ncha ya koti. Akaifuta tena. Msichana aliniita, gari letu limejaa, twende. Sikuondoka. Nilisimama na fimbo yangu pale getini, nikingoja anijibu.